Kibao cha Langoni

Saa kumi na moja alfajiri, kabla nzi hawajaamka,
nachota maji kwenye kichupa, upande wa kina kirefu,
natia kidonge, natikisa.
Yanageuka waridi, kama shavu la mtu aliyefumaniwa.
Naandika daftarini. Tarakimu hazina haya wala upendeleo.

Mwaka wa kumi na tisa huu nalinda bwawa la Kurrajong Flat,
mji wa ngano na maghala ya bati,
ambako mto ni jina tu kwenye ramani
na Januari huchoma viganja kwenye usukani wa trekta.
Watoto wetu hujua kupiga mbizi kabla ya kujua kugawanya.

Nawajua wote.
Najua nani huoga kwa sabuni kabla ya kuingia
na nani hulowesha nywele tu anidanganye.
Athol Pringle huja na jasho la zizi mgongoni:
"Noelene, kwani klorini ni ya nini?"
Klorini ni askari mmoja, Athol.
Ukimtwisha jasho lako apigane nalo,
nani atabaki mlangoni adui akija?
Na ile harufu inayowasha macho, mnayoiita usafi,
ni dawa iliyokutana na mikojo yenu.
Alicheka. Hakuoga.

Jumanne joto lilifika arobaini na nne.
Alhamisi watoto kumi na mmoja walikuwa wameshika matumbo.
Nesi Thuy akapiga simu, sauti chini:
kimelea, Noelene, kidogo kuliko vumbi la ngano,
kina ganda; klorini ya kila siku hukiosha uso tu,
nacho kikaendelea kuogelea, leo, kesho, keshokutwa.
Gulio moja la maji latosha.

Nikafunga lango.

Mtu alirusha chupa tupu juu ya ua.
Mwingine aliniita jina nisilolirudia hapa.
Watoto walisimama, taulo mabegani,
vidole vimenasa kwenye waya,
wakitazama maji ya buluu yaliyotulia
maangavu, mazuri, yasiyosema lolote.

Usiku nikapandisha dawa hadi ishirini,
pampu zikanguruma, nikaanza kuhesabu saa kumi na tatu.
Kwenye saa ya nne, mwanamke langoni.
Tamsin Kovacic, miguu mitupu.

"Ni Darcy wangu," akasema.
"Aliharisha Jumamosi yote. Jumapili akaamka anaimba.
Nyumba ilikuwa tanuri, feni imeungua.
Kibao chako nilikisoma, Noelene.
Wiki mbili tangu tumbo litulie.
Nikadhani zile wiki mbili ni za watoto wa wengine."

Nilikuwa na maneno. Niliyaandaa tangu Alhamisi,
makali, yamepangwa kama visu kwenye droo.
Lakini nikamkumbuka Kerryn wangu, miezi kumi na minne,
nepi imelegea kwa uzito, ndani ya bwawa hilihili,
nami nikimtoa harakaharaka, nikitazama pembeni
kama mtu asiyemfahamu mtoto aliyembeba.
Hakuna aliyeniona. Sikumwambia mtu.
Baadaye ndipo nikaomba kazi hii.

Nikampa Tamsin brashi.
Akasugua meza ya kubadilishia nepi,
akasugua sakafu ya mabafu, akasugua pale palipokwisha takata,
mpaka kasuku wa kijivu wakaanza fujo kwenye nyaya za umeme.

Tulifungua Jumatatu.
Chini ya mwandiko wangu, *Aliyeharisha asiingie wiki mbili*,
mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu ya buluu, herufi zimeinama:
*Hata akiamka anaimba.*

Sikukifuta.
Athol alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya maji.
Alinipita bila salamu, amenuna,
na nyuma ya sikio lake la kushoto
palikuwa na povu la sabuni.